Gauni la Msumarini

Haya, sogeeni, nina kitu cha kuwauliza. Kina kifua lakini hakipumui. Kina mikono lakini hakishiki. Kina kiuno lakini ukikiita hakigeuki. Kimepigwa pasi kikanyooka, kinamngoja mtu. Ni nini?

Nawasikia mnaokimbilia kusema nguo. Nguo ni nusu ya jibu, na kwa nusu jibu mji bado ni wangu. Nusu iliyobaki iwekeni mfukoni kwanza. Yuko mtu mzima, baba wa mtoto, aliyekaa nayo mdomoni karibu muhula mzima asiweze kuitema wala kuimeza.

Mtu huyo alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilitazamana na lango la shule ya msingi, barabara ya vumbi tu katikati, na siku zake zilikwenda kwa kengele ya walimu. Ikilia ya mapumziko, watoto walivuka kumletea vifungo vilivyong'oka na kaptula zilizochanika makalioni, wenye kaptula wakisimama wameupa ukuta mgongo kama walinzi. Ikilia ya kuingia darasani, alibaki na cherehani yake, na mkwewe mzee aliyekaa mlangoni, na ukimya.

Ila muhula wa mwisho haujui ukimya. Shule nzima huchemka. Kuta zinapakwa chokaa, na mkuu wa shule anapita akikemea kila anayeziegemea. Vitabu vinarudishwa bila majalada, na kila mtoto anaapa alikipokea hivyo hivyo. Kwaya inarudia wimbo mmoja mpaka kuku wa jirani wanajua pa kuvuta pumzi. Darasa la mwisho wanafanya mtihani wao, halafu ghafla hawana la kufanya isipokuwa kungoja mahafali, wanazurura uwanjani kama wageni waliofika mapema.

Mahafali ya shule hiyo yalikuwa na mtindo wake. Mkuu mmoja wa zamani alichoka kuona watoto wa wenye nacho waking'aa huku wengine wakijibanza nyuma ya wenzao. Akaamuru kila anayemaliza atembee kutoka langoni hadi jukwaani ameshikana mkono na mtu wake mmoja wa nyumbani, wote wawili wamevaa sare, na kitambaa kiwe kimoja kwa shule nzima, kutoka jora moja. Mkuu yule aliondoka, amri ikabaki. Mwaka huo kitambaa kilikuwa cha buluu chenye madoadoa meupe, na wa kuwashonea wote alikuwa Fundi.

Na mwaka huo binti yake mwenyewe alikuwa anamaliza. Walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake.

*

Mama Mkaa, muuza mkaa wa jirani, alikuwa wa kwanza kupimwa, maana alikuwa na mtoto darasa la mwisho na hakupenda kupitwa na jambo. Alinawa mikono hadi viwikoni kabla ya kugusa kitambaa, akasimama ameinua mabega, akamwonya Fundi kwamba tepu isiseme uongo lakini pia isiseme ukweli wote.

"Kiunoni niachie nafasi," alisema. "Siku ile nitalia, na mimi nikilia navimba."

Sindano alikuwa chini kwenye mkeka, anashona vifungo. Hapo ndipo palikuwa mahali pake tangu akiwa mdogo. Baba akiinua macho kutoka kwenye mashine, alikutana na kichwa chake na vidole vyake. Tunza hilo, msikilizaji, kwamba alimzoea akiwa amekaa.

Macho ya Mama Mkaa yalizunguka ukutani yakasimama kwenye msumari wa ndani, ule ulio mbali na nguo za wateja. Palining'inia gauni la buluu la madoadoa meupe, limekwisha kila kitu, vifungo mgongoni, pasi yake kali kama ya ofisini. Wengine wote walikuwa bado hawajakatiwa.

"Hilo la nani tena, limetangulia kuliko sisi tuliokuja na miguu yetu?"

"La mama," Sindano alijibu kabla ya baba yake. "Anakuja. Aliniahidi siku nikimaliza shule atakuwepo."

Mama Mkaa akasema heri, akasema kweli siku zinakimbia, juzi tu mama yule aliondoka na begi lile la zipu mbovu, Sindano akiwa darasa la pili, hana meno ya mbele. Fundi alikuwa na pini midomoni, na mtu mwenye pini midomoni ana ruhusa ya kunyamaza.

Gauni lile alilikata jioni ya siku aliyopigiwa simu. Mkewe alikuwa akifanya kazi ng'ambo, analea bibi kizee wa watu kwenye nyumba ya ghorofa, anamwogesha, anamlisha, anamsomea majina ya dawa. Kwa kawaida alipiga siku ya Jumapili, wakati wote wako nyumbani. Safari hiyo alipiga katikati ya juma, mchana, Sindano akiwa darasani, na sauti yake ilikuwa ya chinichini kama ya mtu aliyejifungia stoo.

Bibi anayemlea alikuwa ameanguka bafuni akavunjika nyonga. Watoto wa bibi walikuwa wamemwambia akiondoka sasa, asirudi tena. Aliyasema hayo, akayarudia, kana kwamba Fundi ndiye mwenye nyumba na angeweza kubadili mawazo.

"Umwambie mtoto," akasema. "Mimi nikiisikia sauti yake sitaweza. Lakini subiri amalize mtihani, nakuomba."

Fundi akasema atamwambia. Simu ilikuwa inakula muda, akauliza kilichomjia. "Umenenepa au umekonda?"

Upande wa pili alimsikia akicheka kidogo, kicheko kile cha puani alichokuwa hajakisikia siku nyingi. "Kwa nini waniuliza?"

"Nauliza tu."

"Mimi ni yule yule uliyenipima."

Ikakatika. Fundi alikaa mpaka kengele ya kutoka ikalia. Akatandaza kitambaa, akachora kwa chaki bila kushika tepu, maana vipimo vile alikuwa navyo mikononi: kutoka bega hadi bega shubiri mbili na kidole, kiuno pale anapoweka mkono akikusuta. Alijua haji. Mikono ikaendelea kukata.

Mtihani ukaja, ukaisha. Siku ya kwanza baada yake alisema moyoni, amechoka, alale kwanza. Siku ya pili mtoto alikuwa na mafua. Siku nyingine alikuwa anacheka na wenzake, na nani anamvunja mtoto kicheko? Siku nyingine akamkuta anapiga pasi gauni la msumarini kwa mara ya pili, polepole, anapitisha ncha ya pasi katikati ya vifungo, na Fundi akatoka nje kwenda kutazama mvua ambayo haikuwepo. Jumapili zikapita bila simu. Mtoto akiuliza, Fundi alisingizia mtandao.

Ndani ya nyumba kulikuwa na mwingine aliyedanganyika. Mkwewe, mama wa mke wake, alikuwa na ukungu machoni, anaona watu kama vivuli na vivuli kama watu. Lakini alianika godoro la bintiye juani asubuhi na mapema. Aliosha kikombe cha bintiye, kile chenye ua ubavuni, ambacho miaka yote hiyo hakuruhusu mtu anywee. Akamwomba Sindano amsuke vizuri, asije mwanawe akamkuta kama mtu asiye na wa kumtazama.

"Mwanangu," alimwuliza Fundi siku moja, "atakuja na gari la asubuhi au la jioni?"

"Hajasema, mama."

Na hilo halikuwa uongo. Fundi akashangaa jinsi lilivyomwingia mwilini kama uongo.

*

Siku ya kuamkia mahafali shule ilifungwa mapema ili viti vipangwe. Nguo zote zilikuwa zimeshonwa na nyingi zimechukuliwa. Iliyobaki ya kujaribiwa ilikuwa moja, ya Sindano. Ya mtoto wa fundi huwa ya mwisho. Fundi aliikata usiku mmoja wa haraka, akafuata karatasi ya kipimo ya mwaka uliopita, maana kwa wateja wote alisimama na tepu lakini binti yake alidhani anamjua.

Sindano akaingia nyuma ya pazia. Mama Mkaa alikuwa amekuja kuchukua lake, akakaa kwenye stuli kulitazama akisubiri. Pazia likatikisika. Likatulia. Likatikisika tena.

"Baba," sauti ikasema, "limegoma."

Alipotoka, hata cherehani ingecheka. Mikono ya gauni iliishia juu ya viwiko, pindo lilipanda juu ya magoti, na mgongoni vifungo na matundu yake vilitazamana kwa mbali kama watu waliogombana.

"Fundi," Mama Mkaa akasema, "umemshonea mtoto au mdoli wake?"

Akacheka peke yake, kisha akaacha. Fundi alikuwa amechutama, anageuza pindo ndani nje akitafuta nafasi ya kuongeza, na nafasi hapakuwa. Alikuwa amebana kitambaa ili wateja wasipungukiwe. Akainua macho. Pengine ndiyo mara ya kwanza mwaka ule kumtazama binti yake akiwa amesimama, na ilibidi aendelee kuinua macho mpaka akaufikia uso. Lini alirefuka hivi? Mabega yale ameyatoa wapi?

Mama Mkaa naye alikuwa akiyatazama. Akainuka, akaenda kwenye msumari wa ndani, akalishusha gauni lile jingine na kulisimamisha mbele ya Sindano, bega kwa bega. Pindo likaangukia chini ya magoti, pale pale panapotakiwa.

"Si hili hapa," akasema kwa upole ambao haukuwa kawaida yake. "Kama alipimwa yeye. Hilo dogo likifumuliwa hata kilemba kinatoka, mama yake akija ajifunge kichwani, atakuwa amevaa sare. Nani atauliza?"

Sindano alirudi nyuma mpaka akagusa cherehani.

"Hilo ni la mama. Baba amelishona la kwanza kabisa, eti leo ajifunge kilemba kama amekuja kutazama tu?" Akamgeukia baba yake. "Nikivaa hilo mimi, mama atavaa nini?"

Fundi akafungua mdomo. Mlangoni mkwewe aliacha kujipepea. Mama Mkaa alimtazama Fundi usoni, na mwanamke yule aliyezoea kujua mambo ya watu akaona jambo ambalo angependa asingeliona. Akakunja gauni lake, akasema mkaa wake uko nje peke yake, akaondoka.

"Nakwenda kutafuta kitambaa," Fundi akasema.

*

Mwenye duka la vitambaa alimwonyesha ubao uliobaki wa jora. Ubao mtupu. "Ulichukua mwenyewe mpaka nyuzi," alisema. Akamtolea kingine cha buluu, madoa yake makubwa kama vifuniko vya soda. "Kwa mbali nani ataona?"

Fundi alikigusa kwa vidole viwili. Alijua nani angeona. Wote wangeona, na wa kwanza angekuwa mtoto mwenyewe. Akashukuru, akatoka, na kwa kuwa hakutaka kurudi nyumbani mikono mitupu, akavuka kwenda shuleni. Alijiambia anakwenda kuulizia mabaki yaliyoshonewa tai za kwaya.

Uwanjani mwalimu wa darasa la mwisho alikuwa akiwapitisha watoto mara ya mwisho. Wadogo wa madarasa ya chini walicheza nafasi ya wazazi, na walikuwa wameivaa kweli nafasi. Kamtoto kamoja kalitembea na mikono nyuma, tumbo mbele, kanakohoa kila hatua chache. Kengine kalikuwa kanajifuta machozi kwa kanga isiyokuwepo. Fundi alijikuta anatabasamu. Mwalimu akamwona, akawaambia watoto wapumzike, akamsogelea.

"Mzazi, afadhali umekuja. Nilikuwa nitume mtu." Alikuwa na chokaa mpaka kwenye nyusi. "Binti yako ananipa kazi. Mazoezi yote haya amekataa kushikwa mkono na mtu. Nimempa wadogo watatu tofauti. Anasema nafasi ya mama haishikiliwi. Basi anatembea hivi." Mwalimu akatembea hatua kadhaa, mkono mmoja umeachwa mbali kidogo na mwili, vidole wazi, kama anayemwongoza mtu asiyeonekana.

Fundi alitazama ule mkono wa mwalimu.

"Anakuja?" mwalimu akauliza.

"Mimi nilikuja kuulizia mabaki ya kitambaa, mwalimu. Gauni limembana."

"Mabaki sina. Tai zilikula yote." Mwalimu akashusha sauti. "Nikwambie kitu, mzazi. Hata akija amevaa gunia, mimi nitampigia makofi mpaka viganja viwake. La nguo si langu. Langu ni mstari. Kesho wimbo utaanza, wenzake watatembea, na yeye hatatoka pale langoni, atakuwa amesimama anatazama barabara. Nitamwita jina, hatasikia. Wageni watageuza shingo. Sasa mimi nifanyeje? Nimvute?"

Kamtoto kenye tumbo kakapita tena, kakakohoa, kakamwamkia shikamoo kama mzee mwenzake. Akakaitikia marahaba. Akatazama lango, akatazama barabara inavyoonekana kutoka pale, nyeupe, ndefu, na hakuna kinachokuja isipokuwa vumbi linalofuata upepo.

Akavuka kurudi nyumbani.

*

Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya chumba. Mkwewe alikuwa ameacha mlango, amekaa ndani kwenye stuli, gauni dogo lililogoma liko mapajani mwake, analipapasa kwa viganja akilikunjakunja. Fundi akasimama kizingitini kuvua viatu, na kabla hajasema hodi, pazia lilivutwa.

Sindano alikuwa amelivaa. Hakuwa amelivaa kwa nia ya kulivaa kesho. Baadaye alisema alitaka tu kuona mama atakavyoonekana. Alisimama pale mwanga ukimpiga ubavuni, mkono mmoja ameuweka kiunoni, akiangalia pindo.

Bibi yake akainua kichwa. Uso ule wa zamani ukafunguka wote.

"Umefika, mwanangu?" akasema. Mikono yake ilikuwa tayari imenyooshwa. "Umefika, mbona hukubisha hodi?"

Sindano akashindwa kusogea. Fundi naye, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.

"Ni mimi, bibi," Sindano akasema.

Mikono ya bibi ilibaki hewani. Kisha, kwa kuwa ilikuwa imeshakwenda mpaka pale, akaiacha imalizie safari. Ikashika mabega ya gauni, ikashuka kwenye mikono, ikafika kiunoni ikasimama.

"Ni wewe," bibi akasema. "Kipimo ni chake. Chake kabisa." Akakaa tena, akaliokota gauni dogo lililoanguka, akawa anatafuta pindo lake bila kuliona.

Sindano alimwona baba yake. Akaona aibu, akajikunyata, akasema analivua sasa hivi, alikuwa anatazama tu. Lakini vifungo vya mgongoni havifikiwi na mwenye gauni. Vya juu vilikuwa wazi, na vya chini vimekaa upande, amevipotosha. Fundi akaweka kiatu chini. Akaja nyuma yake, akaanza kuvipanga upya, kimoja kimoja, kuanzia kiunoni.

"Umepata kitambaa?"

"Sijapata."

"Basi nitavaa sare ya darasani. Mwalimu atanielewa." Shingo yake ilikuwa mbele ya macho ya Fundi, na pale chini ya nywele palikuwa na kishimo kile kile alichokuwa nacho mama yake. "Hili tulirudishe msumarini, lisijekunjika. Si ndiyo, baba?"

Fundi alifunga kifungo. Alitazama gauni dogo mapajani mwa mkwewe, na jicho lake la kazi lilikuwa limeshaona: kulifumua ubavuni, kutoa kipande cha mgongo, kilemba cha mwanamke mzee kinatoka, na cha kutosha kutembea nacho kutoka langoni mpaka jukwaani mbele ya watu. Mkwewe alikuwa amegeuza sikio upande wao, hajipepei, hakuni kichwa kilichosukwa.

"Baba, nilikuuliza ukaenda zako," Sindano akasema bila kugeuka. "Nikivaa hili mimi, mama atavaa nini?"

Kilibaki kifungo cha shingoni. Fundi akakiingiza tunduni, akalinyoosha bega la kushoto, akaliacha.

"Hatavaa, mwanangu. Haji. Alinieleza kabla ya mtihani. Nilijua haji, na bado nikalikata."